Somo, mbona siku hizi namlilia mama wa bibi harusi?

Somo, shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 49, mzaliwa wa Tanga, naishi Tabata, Dar es Salaam, na mume wangu na watoto wetu watatu. Kazi yangu ni fundi cherahani. Jambo langu wengine wataliona dogo, lakini limeshaleta maneno ndani ya nyumba, na mimi mwenyewe limeanza kunitia wasiwasi.

Tangu Ramadhani iliyopita nimerudia kutazama picha za Kihindi za zamani. Mwanangu wa mwisho aliniingizia kwenye flashi, nyingine nazipata YouTube bando likiruhusu. Watu wakishalala nakaa sebuleni, nazima taa, naanza. Nimeitazama tena Disco Dancer ya Mithun, ambayo niliiona utotoni senema, tumebanana na dada zangu viti viwili watu watatu. Nimeitazama Qayamat Se Qayamat Tak, na mwisho wake bado siuwezi. Na ile ninayoipenda kuliko zote, Dilwale Dulhania Le Jayenge ya Shah Rukh Khan na Kajol, hiyo sasa naitazama karibu kila wiki.

Hiyo tuliiona kwa mkanda, nyumbani kwa mama mdogo, Chumbageni. Nilikuwa na miaka 20 hivi. Nilishamaliza kidato cha nne, chuo cha ualimu nilichochaguliwa sikwenda kwa kuwa zamu ya ada ilikuwa ya kaka, basi nikawa kwa mama mdogo najifunza kushona. Mumewe alirudi na deki kutoka Arabuni. Nyimbo tulikuwa tukizirudisha nyuma mpaka mkanda unaanza kukwaruza, na zile sehemu za kuongeaongea tunazipeleka mbele, maana Kihindi chenyewe hatukijui. Binamu yetu ndiye aliyekuwa akitufasiria, na mengine akitunga mwenyewe.

Sasa hii ya kwenye flashi ina maandishi ya Kiingereza chini. Kiingereza changu si kikubwa, lakini nasoma. Somo, kumbe mle ndani kuna mambo yanasemwa! Kuna pahala, wakiwa Punjab huko India, harusi imekaribia, mama yake Simran, yule binti anayeigizwa na Kajol, anamfuata bintiye usiku. Anamwambia kwamba alipokuwa msichana masomo yake yalikatishwa ili kaka zake wasome. Anamwambia alipomzaa yeye aliapa kwamba mwanawe hatapitishwa njia hiyo. Halafu anasema alisahau kwamba mwanamke hana hata haki ya kuapa kiapo kama hicho, na anamwomba amsahau Raj, yule kijana anayempenda, ndiye Shah Rukh Khan. Pale nasimamisha, narudisha, natazama tena. Nalia mpaka kanga inalowa. Kisha nazima, nakwenda kulala, na usingizi hauji. Siku nyingine ni saa nane usiku bado niko macho.

Mume wangu amenikuta mara kadhaa. Juzi akaniuliza, "Unamlilia nani?" Nikamwambia simlilii mtu, ni picha tu. Akasema mtu mzima halii kwa ajili ya picha aliyoiona miaka 30 iliyopita, labda kuna mtu aliitazama naye. Wallahi Somo, hakuna mtu. Tulikuwa wasichana peke yetu na mama mdogo jikoni. Tangu siku hiyo akiniona nimeshika rimoti anatoka nje. Yeye mwenyewe ni mtu wa Simba, mkorofi si mkorofi, lakini akishika jambo haliachi.

Watoto nao wananicheka. Kwenye Disco Dancer mama yake Jimmy, ndiye Mithun, anapokufa kwa kupigwa na umeme wa gitaa, mimi nilikuwa nafuta machozi, wao wako chini wanagaragara kwa kicheko. Na kinachoniuma zaidi, mambo mengine hata mimi siyapendi tena. Kwenye Dilwale, ile asubuhi Raj anapomtania Simran kwamba usiku walilala pamoja, binti wa watu analia, yeye anacheka kwanza ndipo anamwambia ukweli. Zamani tulipiga vigelegele. Sasa nilitamani nimnase kofi.

Nina mengine kichwani pia. Binti yetu mkubwa amepata chuo Mbeya, baba yake ameona asubiri mwakani ili ada ya mdogo wake wa kiume aliye kidato cha tano shule ya binafsi ipungue kwanza. Lakini hayo ni ya kila nyumba.

Nieleze, Somo. Haya ni maradhi? Niziache hizi picha? Na mume wangu nimjibu nini?

Mama wa Tabata

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mume wako, maana yeye ndiye aliyetoka nje. Swali lake lilikuwa na sababu. Mtu anaamka usiku wa manane, upande wa pili wa kitanda hakuna mtu, anafika sebuleni anamkuta mkewe gizani anafuta machozi mbele ya steringi wa Kihindi, na akiuliza anaambiwa "ni picha tu". Ungekuwa wewe ungeridhika? Ulimjibu ukweli, lakini ukweli wenyewe ulikuwa nusu. Akabaki na pengo, akalijaza kwa alichokiogopa.

Na wala si kweli kwamba mtu mzima haguswi na ya miaka 30 nyuma. Mume wako ni mtu wa Simba. Akikaa barazani na wenzake wakaanza kusimulia Simba ilivyowatoa Zamalek, mabingwa watetezi, kule kule Cairo kwa penalti mwaka 2003, mtazame macho yake. Nani amewahi kumuuliza alikuwa na nani usiku ule? Wanaochunguza kumbukumbu za watu wameliona hili muda mrefu: mtu aliyevuka miaka 40 ukimwambia akusimulie maisha yake, mengi anayoyatoa ni ya kati ya miaka 10 na 30. Ni wakati ambao karibu kila kitu kinakuja kwa mara ya kwanza, kinaingia na kukaa. Kwa hiyo kutamani kurudi kwenye picha uliyoiona na miaka 20 si maradhi. Ni umri wako, na ni umri wa kila mtu.

Kuhusu watoto kucheka, wacha wacheke. Kifo cha gitaa kwa anayekiona leo kwa mara ya kwanza kinachekesha, hawakufanya kosa. Wewe ulikiona ukiwa mdogo, senema imejaa, watu wote kimya, na ukatoka mle unamtafuta mama yako. Huwezi kuwapa watoto ile senema. Unaweza kuwasimulia: foleni ya tiketi, anayeuza karanga, watu wakimwimbisha Mithun kwa maneno wasiyoyajua. Watasikiliza kuliko unavyodhani, ila usiwasimulie wakati picha inaendelea.

Na ule utani wa Raj asubuhi, uko sahihi kuuchukia. Ni utani mbaya. Wewe sasa una binti wa umri wa Simran, na umemwona kijana anamliza binti wa mtu kwa jambo ambalo lingeweza kumharibia maisha, kisha anataka asifiwe kwa kuwa hakulifanya. Huhitaji kuchagua kati ya kuipenda picha nzima na kuitupa nzima. Pale pachukie, nyimbo zipende, endelea. Na ukikuta nyingine imekuchosha moja kwa moja, izime katikati bila kujilaumu. Hakuna deni.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka kukuambia hasa.

Sisi wanawake wa pwani hatukuanza leo kulia kwa picha za Kihindi, na si sikuzote tulikuwa tukiwalilia Wahindi. Awaara ya Raj Kapoor ilitoka mwaka 1951, ikafika huku, ikazungumzwa miaka na miaka. Mama zetu walikwenda senema wamejifunga mabuibui yao, wakarudi, na mazungumzo yakaendelea jikoni, uani, kwenye ukili. Mle ndani kuna hakimu, mtu mwenye heshima zake, anamfukuza mkewe mjamzito usiku kwa sababu ya maneno ya watu. Wanawake walibishana: yule hakimu ana haki? Mke alikuwa na kosa gani? Mimi nilikuwa mtoto, nakaa miguuni mwao, na nilipokua ndipo nikaelewa kwamba wengine mle hawakuwa wakimzungumza hakimu wa Bombay. Walikuwa wakimzungumza mume wa jirani, au wa kwao. Mwanamke ambaye hawezi kusema "mume wangu kanionea" aliweza kusema "yule hakimu kamwonea mkewe", na kila aliyekaa pale alimwelewa. Taarabu nayo ilifanya kazi hiyohiyo, na ndiyo maana hata tuni za Kihindi zilichukuliwa zikatiwa maneno yetu ya mafumbo. Picha ilimpa mtu ulimi.

Basi nikarudi kwenye barua yako. Umeniandikia kwa kirefu juu ya mama yake Simran. Umeniambia kwa neno moja la kupita kwamba chuo cha ualimu hukwenda kwa kuwa zamu ilikuwa ya kaka. Na mwisho kabisa, ukiwa unakaribia kufunga, ukaniambia binti yako amepata chuo na ameambiwa asubiri kwa ajili ya ada ya mdogo wake wa kiume. Ukasema hayo ni ya kila nyumba.

Mwanangu, yamepangwa hivyo hivyo kwenye picha. Masomo ya mama yalikatishwa kaka zake wasome. Akaapa kwa ajili ya binti. Kisha akakaa kitandani pa binti usiku, akamwomba akubali. Ulipokuwa na miaka 20, ndiyo kwanza umeachwa nyumbani na cherahani, maneno haya mliyapeleka mbele ili muwahi wimbo. Leo umeyasoma, na umeyasoma mwaka uleule ambao yanataka kutendeka tena sebuleni kwako, na safari hii wewe ndiye mama. Ingekuwa ajabu usingelia.

Sijui kama uliwahi kumwambia mume wako kuhusu ile nafasi ya ualimu. Nina mashaka. Wanawake wengi wa rika lako hawakusema. Ilionekana jambo la kawaida, cherahani ikawalisha, wakashukuru, na shukrani ni ya kweli. Lakini kushukuru na kuumia vinaweza kukaa kifua kimoja.

Nimegundua pia kitu kwenye namna unavyotazama. Unafika pale mama anapomwomba bintiye amsahau kijana, unarudisha, unalia, unazima. Safari hii usizime. Endelea mpaka usiku wa ile funga ya Kihindi, Karva Chauth, na baada yake. Mama anamkuta bintiye na Raj pamoja, na utadhani atapiga kelele. Hapigi. Anakwenda anachukua dhahabu zake, anamwekea mkononi, anawaambia waondoke, wakimbie. Ni mama yuleyule. Yale aliyoyasema usiku ule ameyatengua kwa dhahabu yake mwenyewe. Farida Jalal alipewa tuzo ya Filmfare kwa kuigiza nafasi hiyo, na mimi naamini pale ndipo alipoipatia. Raj anakataa kukimbia, anataka baba atoe ridhaa yake kwa mikono miwili, na sisi sote tunabaki tunangoja mpaka kituo cha treni, kijana anavuja damu, baba anashika mkono wa binti, ndipo anauachia.

Wewe huna sababu ya kungoja treni. Mume wako si Baldev Singh, yule baba yake Simran. Kwa ulivyomwandika ni baba mwenye ada mbili na mfuko mmoja, ameamua kama walivyoamua baba zetu kwa kuwa ndivyo alivyoona. Mtu wa namna hiyo anazungumzika.

Fanya hivi. Chagua siku ambayo hana haraka, iwe jioni, watoto wakiwa na shughuli zao. Mpikie anachokipenda kama kawaida yako, kisha mwambie, "Uliniuliza namlilia nani. Kaa nikuonyeshe." Usimwekee picha nzima, ni zaidi ya saa tatu, atasinzia na utakasirika bure. Mwekee ile sehemu ya mama na binti usiku. Maandishi yale mfasirie wewe kwa mdomo wako, taratibu. Yakifika maneno ya masomo na kaka zake, simamisha. Mwambie kuhusu chuo cha ualimu: kilikuwa wapi, nani alikuletea habari, nani aliamua, ulikuwa umevaa nini siku uliyoambiwa hutakwenda kama unakumbuka, na najua unakumbuka. Usimlaumu mtu, wala usimtaje binti bado. Acha asikie hilo kwanza. Hapo wasiwasi wake wa mtu mliyetazama naye utakufa wenyewe, maana atakuwa amemwona mtu unayemlilia, na ni msichana aliyeketi Chumbageni anajifunza kupinda pindo.

Kisha mwekee sehemu ya dhahabu. Baada ya hiyo ndipo zungumzeni chuo cha Mbeya.

Na mkizungumza, zungumzeni kwa karatasi, si kwa hasira. Binti aliomba mkopo Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu? Kama aliomba akakosa au akapewa kidogo, Bodi hufungua dirisha la rufaa, afuatilie mwenyewe kwenye akaunti yake bila kungoja kuambiwa. Kama hakuomba, jueni ni kwa nini. Chuo chenyewe kiulizwe kama ada inalipwa kwa awamu, vingi vinakubali. Na huyo wa kidato cha tano, ulizeni kama ipo njia ya kuomba uhamisho kwenda shule ya serikali, ambako ada ya kidato cha tano na sita imefutwa tangu mwaka 2022. Sisemi mtoto wa kiume aumizwe. Nasema kusubiri kusiwe kwa binti sikuzote kabla hata hesabu haijapigwa. Cherahani yako inaingiza kiasi gani kwa mwezi? Weka na hicho mezani. Una sauti katika ada ya nyumba hii, umeilipa kwa mguu wako.

Kuhusu usingizi, hapo nitakukaripia kidogo. Ukianza saa nne usiku picha inayochukua saa tatu, lazima saa saba ikukute macho, hata ingekuwa ya kuchekesha. Wahindi wenyewe walizitengeneza na mapumziko katikati, zitumie kama zilivyokusudiwa: nusu ya kwanza leo, nusu ya pili kesho, na anza mapema, taa ikiwaka. Tena katika umri wa miaka 49 wanawake wengi hedhi inaelekea kukoma, kwa kawaida ni kati ya miaka 45 na 55, na kipindi hicho usingizi hukatika na machozi huwa karibu kuliko zamani. Kama hata mchana unajikuta huna raha, hamu ya kazi imekwisha, au unalia bila picha, nenda kituo cha afya ukaseme hivyohivyo ulivyoniambia mimi. Usione haya.

Picha zako usiziache. Binti yako mkubwa mkaribishe kwenye Dilwale hata kama atacheka mavazi. Mwache aone mwenyewe, na ukifika kwenye mama na bintiye, usimfasirie chochote, yeye Kiingereza anakijua.

Barua yake ya kujiunga na chuo ina tarehe ya kuripoti. Itoe kabatini uisome kabla hujamwita baba yake kukaa, ili mjue mna siku ngapi.

Somo